Anza na Burma

Barazani kwa fundi cherehani waliniita Mchina. Sikuwa nimewahi kumwona Mchina hata mmoja. Nilikuwa kijana wa kijiji cha Kigwa, msaidizi wa dukani mjini Tabora, niliyejifunza Kiingereza peke yangu. Kila alasiri niliwasomea gazeti lililoletwa na treni, nikilifasiri kwa Kiswahili. Habari za Uchina ndizo nilizoanza nazo. Nilitaka kuelewa jinsi nchi ile inavyotafuta marafiki wakati Mjapani ameibana vitani, na kosa dogo la tafsiri liliweza kuninyima usingizi.

"Mchina, ndugu zako wanasemaje leo?" muuza kahawa alikuwa akiuliza, na watu wakicheka.

Siku moja niliwaeleza kwa mfano wa misafara ya biashara. Ukifunga njia ya pwani, Tabora inakosa nguo. Uchina nayo njia yake imefungwa Burma, nikasema, na Mwingereza atalazimika kuifungua, hata kwa askari wa kwetu. Fundi akaendelea kukanyaga cherehani. Mwanawe alikuwa jeshini, na nyumbani hawakujua kapelekwa wapi.

Baadaye gazeti likaandika kwamba askari wa Afrika Mashariki wako Burma. Nikalisoma nikitabasamu.

"Si nilisema?"

Cherehani ikanyamaza.

"Ulisema," fundi akajibu. "Umefurahi?"

Kweli nilikuwa nimefurahi. Nilikuwa nimepatia jambo gumu bila mwalimu, na mtoto wa mtu alikuwa ndani ya jambo hilo.

Kesho yake mke wa fundi, aliyezoea kusikiliza akiwa nyuma ya mlango huku akimenya karanga, alitoka akaketi karibu nami. Nikamwamkia.

"Marahaba. Leo anza na Burma, mwanangu. Uchina haitakimbia."

Burma ilikuwa na mistari michache tu: mvua na matope, bila jina la mtu. Nikaisoma. Akaniomba niirudie polepole, labda nimeruka mahali. Nikairudia, mimi niliyejisifu mbele yao kwamba siruki hata neno.

"Hamna habari za vijana wenyewe?"

"Hamna, mama."

"Basi soma tena."

Nikasoma tena kwa sauti ya upole, na huku nikisoma, jicho langu lilikuwa limeshashuka chini ya ukurasa, kwenye habari za Uchina. Sijui kama aliona. Vita haijaisha, na mpaka leo namsomea hivyo hivyo, Burma kwanza. Mwanawe hajarudi, na jicho langu bado linashuka.