Swali Lililojibiwa Mvua

Nikiamka huangalia juu kabla hata ya kunawa uso. Nyuma ya nyumba yetu hapa Changamwe kuna yadi ya makontena, yamepangwa moja juu ya jingine hadi yanatuzibia jua. Ukuta uliotutenga na yadi hiyo ulianguka mchana mmoja wa mvua, na makontena juu yake. Dada yangu alikuwa jikoni akikaanga samaki. Alikufa pale pale. Mimi nilitolewa kwenye kifusi nyonga imevunjika, na hadi leo natembea upande.

Waliotuua nawajua. Ni mwenye yadi, aliyeegemeza makontena kwenye ukuta wa matofali. Ni afisa wa mipango, aliyekuja na kofia ngumu, akatazama, akatia sahihi. Na ni mzee wetu wa mtaa, tuliyemlalamikia akatuambia, "Nyinyi mnapenda maneno."

Mbunge alipokuja kuhani, aliahidi kuuliza swali la maandishi Bungeni. Alisema waziri hatakuwa na pa kukimbilia, kwani jibu nalo lazima liandikwe. Akamtuma karani wake aketi nasi kibarazani.

"Haya mama, tuulize nini?"

"Uliza nani alimruhusu yule bwana kuegemeza makontena kwenye ukuta wetu."

Mzee wa mtaa akakohoa. "Dada, si ndiye aliyetoa ng'ombe wa khitma? Leo tumwanike Bungeni? Tumsitiri mwenzetu."

"Ng'ombe mmekula nyinyi. Mimi nilikuwa hospitali nakunywa uji."

Watu wakacheka, lakini walishakubaliana na mzee. Huku kwetu, ukishakula chakula cha mtu msibani, unaona haya kumtaja. Hata shemeji yangu, mume wa marehemu, aliinamisha kichwa. Karani akaandika: ukuta uliangushwa na nini, na waathiriwa wamesaidiwa vipi?

Jibu lilichukua miezi. Karani alirudi kutusomea: ukuta uliangushwa na mvua kubwa, na waathiriwa walipewa magodoro na blanketi.

"Na aliyeruhusu?" nikauliza.

"Waziri hakuulizwa hilo, mama. Alichoulizwa amekijibu."

Wallahi nilihisi nimefukiwa tena. Mvua utaishtaki wapi?

Mwenye yadi alifurahia jibu hilo. Akajenga ukuta mwingine, mwembamba vile vile, na mashine zikaanza kupandisha makontena. Binti yangu na mwanawe wanalala chumba cha nyuma, chini yake. Pa kuhamia hatuna.

Nikajikokota hadi ofisi ya mbunge. Karani akasema tunaweza kuuliza tena, mradi liwe swali jipya. Nikamwambia aandike nisemavyo, mimi niliyeishia darasa la nne: nani alitia sahihi mara ya kwanza, nani amekagua ukuta huu mpya, na makontena yataondolewa lini.

"Wazee wakilalamika?"

"Waambie ni mimi. Ng'ombe wao sikumla."

Swali limekwenda, jibu bado. Mzee wa mtaa haitikii tena salamu yangu. Jana mawingu yalifunga upande wa Miritini. Nilimwamsha mjukuu wangu usingizini mle chumba cha nyuma, mama yake akiwa kazini, nikatoka naye hadi upande wa pili wa barabara, tukalowa huko huku nikiutazama ukuta.