Kilo za Maji

Mume wangu alikuwa mwembamba tangu siku niliyomfahamu, na lawama za wembamba wake zilikuwa zangu. Kwetu mwili wa mwanamume unasomwa kama ripoti ya mke wake. Akinenepa, unamtunza. Akikonda, unamnyima, au una roho mbaya, au vyote viwili. Mama mkwe wangu, anayeuza nyanya kando ya barabara kuu pale Ilula, kila tulipomtembelea alianza kwa kumkagua mwanawe kuanzia kola hadi viatu, kisha akanigeukia mimi, ndipo akasema kamwene, salamu ya kwao. Niliitikia kamwene huku nikijua hukumu imeshatolewa.

Na nilimpikia, jamani! Makande, maharage, wali, nyama ilipopatikana. Alikula, akaenda kuchomelea vyuma kwenye gereji ya malori hapa Iyunga, akarudi jioni na mbavu zake zile zile. Nilifika mahali nikawa nachukia hata kumtazama akivua shati.

Kisha akaanza kunenepa. Yalianza mashavu, likafuata tumbo. Mafundi wenzake wakaacha kumtania, wakaanza kumwita bosi. Jirani yangu akaniuliza siku hizi nampa nini huyo baba, nami nikamjibu kwa maringo kwamba mambo ya jikoni hayasemwi barabarani. Nilifurahi, nisidanganye. Tulipokwenda Ilula, mama mkwe aliiacha meza yake na wateja wake, akamshika mwanawe mashavu mbele ya abiria wa basi zima. Mimi akaniita mwanangu. Miaka yote ile nilikuwa "wewe".

Lakini mimi ndiye niliyelala naye na kuamka naye. Asubuhi macho yake yalikuwa yamevimba hadi hayafunguki vizuri. Soksi zilimwachia mifereji miguuni. Mkojo wake ulikuwa na povu jingi, kama maji ya kufulia. Yeye alisema ni uchovu. Nilimburuta hospitali akinung'unika njia nzima.

Daktari alikuwa dada mdogo, mpole, mwenye haraka. Alimbonyeza mume wangu kwenye ugoko kwa kidole gumba, na alipokitoa shimo likabaki pale pale. Akachukua damu na mkojo. Majibu yalipotoka alituambia kwamba ule haukuwa unene. Alisema ndani ya damu kuna protini ambayo kazi yake mojawapo ni kuyashikilia maji yasitoke kwenye mishipa. Figo za mume wangu zilikuwa zinavuja, protini inatoka na mkojo, na maji yaliyokosa wa kuyashikilia yanakimbilia kwenye nyama. Kwa hiyo protini inashuka na kilo zinapanda. Tulizokuwa tukizishangilia ni kilo za maji, na chini ya maji hayo misuli yake ilikuwa inayeyuka.

"Na zamani, alipokuwa amekonda?" niliuliza.

"Mama, uzito hauwezi kukuambia damu ya mtu ikoje," alisema. "Pengine wakati ule damu yake ilikuwa nzuri kuliko yangu mimi."

Nilitamani kucheka na nilitamani kumpiga mtu.

Alipewa vidonge vya figo na vya kutoa maji, akaambiwa apunguze chumvi. Maji yalitoka kweli. Alishinda njiani kati ya kitanda na choo, na suruali zikaanza kumvuka. Chini ya ule uvimbe alikuwa amebaki mtu mwembamba kuliko yule wa mwanzo. Daktari alifurahi alipomwona. Iyunga haikufurahi. Watu wetu wakiona mtu mzima amekonda ghafla wanakuwa na ugonjwa mmoja tu kichwani, na hawautaji. Waliacha kumwita bosi. Walianza kumsalimia kwa sauti ya chini, na yeye akaanza kupita njia ya nyuma kwenda kazini.

Mama mkwe alikuja na basi, amebeba kuku na trei ya mayai. Nilijaribu kumweleza, na nikaitaja protini.

"Protini si mayai?" alisema. "Hata kwenye redio wanasema. Kumbe ulikuwa humpi mayai!"

"Nampa, mama. Lakini hata akila kuku mzima, inapotea kwenye mkojo."

"Wewe, nani alishakojoa kuku?"

Hata mume wangu alicheka. Kilikuwa kicheko cha mwisho cha pamoja nyumbani kwetu. Jioni mama alionja maharage niliyopika bila chumvi, akaweka kijiko chini. "Hiki chakula anapewa mfungwa," alisema, na kesho yake akatangaza kwamba anaondoka na mtoto wake akapumzike Ilula. Nilikataa. Mume wangu akasema anataka kwenda. Nilikuwa na cherehani yangu na watoto shuleni, sikuweza kumfuata. Nilimfungia vidonge vyake, na kila nilipompigia simu alijibu, "Ndiyo, mama watoto, nakunywa."

Halafu siku moja akapiga mama mkwe mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya sherehe.

"Mwanangu, kamwene! Mwenzio amerudi mwili! Njoo umwone, huwezi kuamini!"

Nilikaa chini, kitambaa cha mteja mkononi. Niliamini mara moja, na nilijua kilichokuwa kimerudi.

Nilipofika Ilula nilimkuta amesimamishwa juu ya mizani ya kupimia magunia ya vitunguu. Mama alikuwa ameita wafanyabiashara wenzake waje washuhudie. Mpimaji aliposoma kilo, wakapiga makofi na vigelegele, na mume wangu, uso umejaa hadi macho yamekuwa mistari, akainua mkono kama mgombea aliyeshinda. Nilisubiri washangiliaji warudi kwenye meza zao, nikamvuta pembeni.

"Vidonge viko wapi?"

Alitazama barabarani, malori yakipita. "Viliniumbua," alisema. "Nikivinywa naonekana maiti. Hapa watoto wa shule walikuwa wananionea huruma."

"Utakufa."

"Najua ulivyoambiwa. Na mimi nilikuwepo." Akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vinene na baridi. "Mama hajawahi kunifurahia hivi, tangu nizaliwe. Niache kidogo."

Nilimwambia Iringa mjini si mbali, twende leo hii hospitali. Hakukasirika. Alikataa kama mtu anayekataa kuongezewa chai. Nililia pale kando ya matenga ya nyanya, na mama mkwe akaniletea maji ya kunywa, akiamini nalia kwa furaha.

Tulikuja kumpeleka Iringa alipoanza kukosa pumzi, mimi na mama yake tumempakata katikati. Maji yalikuwa yamefika kwenye mapafu. Daktari wa huko aliuliza dawa zilisimama lini.

Tulimzika Ilula. Fundi seremala alikuwa amemfahamu mume wangu tangu utoto, hakuja kupima, akatengeneza jeneza kwa ukubwa aliomkumbuka nao. Halikumtosha. Mazishi yakasimama, kwaya ikaimba nyimbo zake zote na kuanza upya, huku tukisikia msumeno ukikata mbao nyingine. Mama mkwe alikaa kwenye mkeka, ameushika mkono wangu kwa nguvu, na kila aliyekuja kumpa pole alimweleza kwa nini tunachelewa.

"Mwanangu ameondoka na mwili wake," alikuwa akisema. "Mkwe wangu alimtunza."

Wakaniangalia kwa heshima, nami nikaitikia kwa kichwa.