Greda Iliyozoea Mteremko

Kijiji kizima cha Tumati hakuna aliyejua jinsi milima ilivyokuwa ikimficha dereva Nicodemo, mpaka asubuhi ile greda ya kijiji ilipozimika mahali tambarare kwenye barabara ya Haydom, ikagoma kuwaka. Ukibonyeza stata iamshe injini, inasema "ta!" basi. Ukibonyeza tena, "ta!" Siku tatu nzima ikawa ni "ta!" hiyo hiyo.

Siku ya nne mwenyekiti wa kamati ya barabara, mzee Bonaventura, akachoka. Betri mpya ilishafungwa. Stata ilishapanda basi mpaka Babati, ikafunguliwa, ikasafishwa, ikarudi na "ta!" yake. Mvua zilikuwa mlangoni, na barabara isipochongwa wagonjwa wangebebwa tena kwa machela kwenda hospitali, kama zamani. Mzee alilijua hilo vizuri, lakini aliona greda imeshakufa na maiti haikai nyumbani. Akamwita mnunuzi wa chuma chakavu, naye akaja na lori na mitungi ya gesi ya kukatia vyuma.

"Genoveva amerudi jana kutoka mazishini kijiji cha Daudi," alisema mzee. "Apewe mpaka saa saba. Ikifika saa saba haijawaka, ikatwe."

Genoveva aliolewa Tumati, lakini ufundi aliupata Hanang. Alifanya kazi miaka kumi na miwili kwenye karakana ya shamba kubwa la ngano, mpaka shamba lilipobinafsishwa na wafanyakazi wakapewa barua za kwaheri. Wenzake walirudi makwao na mabati na baiskeli. Yeye alirudi na spana zake, taa ya kupimia umeme aliyoitengeneza kwa balbu moja na nyaya mbili, na kichwa kilichojaa mambo ya stata. Wanaume walicheka sana. Walikoma kucheka matrekta yao yalipogoma, wakaanza kumwita Mama Stata kwa heshima zote.

Greda nayo ilitoka shamba hilo hilo. Mali zilipouzwa, kijiji kilichanga mahindi, mbuzi na hata ndama, kikainunua. Genoveva aliipenda kama ng'ombe wa kwanza wa mahari. Mkoa mpya wa Manyara ulipoanzishwa na ikasemwa wageni watapita kusherehekea, aliipaka rangi ya njano kwa mikono yake, siku nne, ikang'aa mpaka watoto wakawa wanajitazama humo.

Sasa alifika akiwa na mfuko wake wa spana begani. Watu walikuwa wamejaa kana kwamba kuna mnada.

"Shikamoo, mama," alisema Nicodemo, dereva wa greda, macho chini.

"Marahaba. Mgonjwa ameanza kuumwa lini?"

"Siku tatu, mama."

"Mashine haisemi uongo, Nicodemo. Na wewe usiseme."

Nicodemo akakuna kichwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo chenyewe kilikuwa pale kimeegemea lori, kinavuta sigara.

"Toka zile sherehe za mkoa, mama," alikiri. "Stata ilianza kusuasua. Nikasema, ya nini kusumbua watu, milima si ipo? Jioni nailaza juu kwenye mteremko. Asubuhi naachia breki, inashuka yenyewe, naingiza gia, inawaka."

"Miezi mingapi?"

"Mitano."

Watu wakaangua kicheko. Mzee Bonaventura hakucheka hata kidogo. "Kumbe umeiua wewe! Miezi mitano unatudanganya! Lete funguo hapa. Kuanzia leo wewe si dereva." Nicodemo akazitoa funguo.

Genoveva hakuingilia. Saa sita ilikuwa imeshapita, na damu ilimchemka kwa hamu ya kazi aliyoikosa tangu aondoke karakana. Akamwomba mzee apande mwenyewe na kuwasha taa za mbele. Ziliwaka vizuri. Akamwambia abonyeze stata. "Ta!" Taa zikafifia, zikakaribia kuzimika.

"Umeme upo," alisema Genoveva, sauti ikipanda. "Unapotea njiani! Umeme ni kama mtu wa mnadani, lazima aende na lazima arudi. Sasa tumtafute amekwama wapi."

Akachukua taa yake. Ncha moja ya waya akaigusisha chanya ya betri, nyingine kwenye stata. Hapo balbu ikibaki giza, njia ni nzima. Ikiwaka, kuna kizuizi. "Bonyeza, mzee!" Giza. Kwenda kulikuwa salama.

Akahamishia ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini. "Bonyeza!"

Balbu ikawaka, nyeupe, kali.

"Hapa!" Genoveva aliruka juu, mwanamke wa miaka arobaini na tano, mbele ya wakwe zake. "Ameshindwa kurudi! Stata haina kosa, betri haina kosa!"

Akajipenyeza nyuma ya sanduku la betri, ambako waya mnene wa hasi umefungwa kwa bolti kwenye mwili wa greda. Akalegeza nati, akauvuta waya.

Chini yake palikuwa na rangi ya njano. Nene, nzuri, isiyo na mkwaruzo.

Mama yake alimlea hivi: mgeni akija hupaki udongo ukuta wa mbele tu, unapaka mpaka nyuma ya ghala, mahali ambapo hata paka haendi. Ndivyo alivyofanya kwa greda. Aliufungua waya, akapaka nyuma yake, akaurudisha juu ya rangi akiwa ameridhika kabisa. Rangi haipitishi umeme; ulikuwa unapenya kidogo kwenye bolti tu, wa kuwasha taa, si wa kuzungusha stata. Jambo hilo analijua kila fundi, na yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wenzake.

Aliona aibu, aibu ya kweli. Hakuna mwingine aliyeweza kuona kule nyuma. Huku nje mnunuzi alikuwa ameshaanza kuburuta mipira ya gesi. Genoveva akachomoa kisu, akakwangua, akapiga msasa mpaka chuma kikawa cheupe, akapaka grisi kidogo juu ya kiungo baada ya kukaza nati kwa nguvu zake zote.

"Mzee, mpe Nicodemo funguo. Anaijua gia yake."

Mzee alisita, akampa. Nicodemo akapanda.

"Frii! Toa gia!" alipiga kelele Genoveva. "Washa!"

Safari hii haikusema "ta!" Stata iliunguruma, ikazungusha injini mara moja, mara mbili, moshi mweusi ukatoka, na greda ikanguruma mpaka mbuzi wakakimbia. Vigelegele vikapasua hewa. Genoveva alicheka huku machozi yanamtoka.

"Mama Stata, umetuokoa!" alisema mzee Bonaventura. "Lakini huyu Nicodemo, kwa uharibifu wake..."

"Mzee, ngoja." Alizima furaha yake kwa taabu. "Aliyeharibu ni mimi. Nilipaka rangi chini ya waya. Yeye kosa lake ni kunyamaza. Ila kila mteremko aliokuwa anautafuta, mimi ndiye niliyemtuma."

Mama mmoja akasema, "Kumbe kikulacho ki nguoni mwako!" na mzee Bonaventura, ambaye meno yake yalionekana Krismasi tu, akacheka mpaka akashika tumbo. Nicodemo akabaki na funguo, na lori la chuma chakavu likaondoka tupu.

Jioni Nicodemo alianza kuielekeza greda mlimani kwa mazoea. Genoveva akasimama katikati ya barabara. "Wapi? Inalala hapa hapa tambarare." Asubuhi, kwenye ukungu na baridi, nusu ya kijiji walikuja kusikiliza. Iliwaka kwa mguso mmoja.

Wiki iliyofuata, barabara ikiwa imekaribia Haydom, Nicodemo akaja na kopo na brashi. "Mama, pale ulipokwangua pamebaki uchi. Nipake kidogo?"

Genoveva alimkimbiza na spana mpaka mtoni. Mahali pale hapajapakwa rangi mpaka leo, na mgeni akija Tumati, ndipo anapopelekwa kwanza.