Mtunza Zamu wa Ukutani

Hebu mtazame akija. Ni alfajiri, mtaa wa Free Area hapa Nakuru bado umeshikwa na ule ubaridi unaoshuka kutoka Menengai, na malori ya barabara ya Nairobi yanapita taa zikiwa hazijazimwa. Mwanamke mrefu, leso kiunoni, sweta la kiume mwilini, anatoka kwenye kichochoro cha kioski cha maji akiwa amebeba mabeseni kichwani, moja ndani ya jingine. Anayatua kando ya ukuta wa ghala kuukuu la mahindi. Anarudi, anakuja tena, safari hii na karai, sepetu, mwiko na pima maji. Anavipanga chini kimoja baada ya kingine, bila haraka. Akishamaliza anaketi juu ya jiwe lake, anawangoja wenyewe.

Huyo ndiye Linah Chepkosgei. Muulize mtu yeyote anayengoja kibarua pale ukutani, atakwambia Linah ndiye aliyewaunganisha. Muulize Linah mwenyewe, atakwambia alichoka tu kuvuka barabara.

Hilo la barabara linataka kuelezwa, kwa hiyo vuta kiti.

Zamani pale palikuwa na pande mbili. Huku ukutani walikaa watu wa Mwaura, fundi wa mawe, Mkikuyu wa maneno mengi na mikono mizuri. Ng'ambo ya barabara, chini ya bango la rangi za nyumba, walikaa watu wa Kipkirui, nao Wakalenjin. Wote walitafuta kazi ileile ya mjengo, na wake zao na dada zao walitafuta kazi ileile ya kufua. Njaa yao ilikuwa moja, ila tangu ile miaka ya fujo za uchaguzi hawakuwa wakinywa chai pamoja. Mwenye pikapu akija kutafuta watu alijua la kufanya. Aliuliza bei huku, akaipeleka ng'ambo, akapewa ya chini, akairudisha huku, ikashushwa tena. Jioni unamkuta mwanamume amechimba msingi kutwa nzima kwa pesa ya sabuni na unga, na bado anamtukana wa ng'ambo, si mwenye pikapu.

Linah alikaa na wanawake wa upande wa ukuta, lakini alizaliwa kwa wale wa ng'ambo. Kwao ni Mau Narok, kwenye ngano na viazi. Alipokuwa msichana alimpenda Nderitu, taniboi, yaani utingo, wa lori lililokuja kubeba viazi vya baba yake, akamfuata Nakuru. Baba akasema atakayelitaja jina la Linah nyumbani amfuate huko aliko. Basi halikutajwa. Nderitu alikuwa mtu mwema, lakini kifua kilimwondoa mapema, wakamzika kwao Ol Kalou. Baada ya chai ya matanga mama mkwe alimketisha kando, akamwambia kwamba kwa kuwa hakujaliwa mtoto, hakuna kitu kinachomfunga, yuko huru kwenda. Alimwambia kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma.

Akarudi Free Area, chumba kimoja cha mabati, beseni moja la buluu. Wanawake wenzake ukutani waliitwa kwa majina ya watoto wao, Mama Jeff, Mama Tabby. Yeye aliitwa Linah tu.

Kwa kuwa alijua lugha zote mbili, akawa mtu wa kutumwa. Vuka ukawaulize wale wametaja bei gani. Vuka uwaambie wakome. Kila upande ulimwona kama jasusi wa upande mwingine, na kila upande ulimpa matusi ayapeleke. Ndipo siku moja, wakati wa ule ukame wa maji ya mferejini, akasimama kwenye kioski cha maji cha akina mama wa kanisa akaona kitu ambacho amekiona maisha yake yote. Mitungi ilikuwa imepangwa foleni ndefu, na wenyewe hawapo. Mmoja amekwenda kupika, mwingine kunyonyesha. Wa Mkikuyu umekaa nyuma ya wa Mkalenjin, mbele ya wa Mluhya, na hakuna aliyegombana. Maji yakija, kila mtungi unajazwa kwa zamu yake.

Akamwendea Mwaura, akamuuliza kwa nini miko na masepetu yasikae hivyo. Mwaura akacheka, akamwambia amwache na ndoto za kioski. Akavuka akamuuliza Kipkirui, naye akauliza kama ametumwa na Mwaura. Alivuka barabara ile msimu mzima wa mvua za masika, viatu vikiwa vimejaa tope. Aliwabembeleza akina mama wa kanisa mpaka wakakubali vifaa vilale kwenye stoo nyuma ya kioski. Aliwaendea watu wa bodaboda pale stejini, wakakubali kwamba mtu akiuliza wapi kuna vibarua, wataonyesha ukutani na si penginepo. Vijana wa kuzoa taka, ambao huingia kila ploti, wakaahidi kuleta habari za anayejenga na anayehamia. Mwishowe kikafanyika kikao kwenye ukumbi wa kanisa, na hapo Muungano wa Ukutani ukazaliwa. Bei moja, asishushe mtu. Kifaa chako ndicho zamu yako. Ukipata kazi, ukirudi kifaa kinaenda nyuma. Gari likisimama nawe hupo, unarukwa. Na kama habari ya kazi imekuja mapema, aliye mbele lazima apewe, hata kama yuko kitandani.

Yote yalikubaliwa, wakakwama kwenye moja: nani atatunza zamu? Wa Mwaura walikataa mtu wa Kipkirui, wa Kipkirui wakakataa mtu wa Mwaura. Kila jina lililotajwa lilikuwa na shemeji, binamu, au mtu wa kijijini kwao. Kelele zilipozidi, Kipkirui akasimama.

"Awekwe Linah," akasema. "Yeye hana mtu hapa."

Ukumbi mzima ukacheka, kwa sababu lilikuwa neno la kweli. Linah naye akacheka. Wakamkabidhi ufunguo wa stoo.

Miaka ikasonga. Sisemi umaskini uliisha, hapana, Free Area ni ileile. Lakini mjane mmoja wa foleni alipougua, zamu yake ilitunzwa. Mwaura na Kipkirui wakaanza kutaniana, na ukiona watu hao wanataniana ujue kuna kitu kimepona. Linah aliamka kabla ya wote, akapanga, akatunza, na beseni lake la buluu likafuata foleni kama la mtu mwingine yeyote. Jioni alifunga stoo, akapika chakula cha mtu mmoja, ambacho ni chakula kigumu sana kukadiria. Ugali wake ulibaki kila siku.

Kisha Cheptanui akaja.

Alikuja akiwa na mkoba na beseni la kijani, akauliza pale stejini kwa Linah wa Mau Narok. Ni mdogo wake wa mwisho. Linah alipoondoka nyumbani alimwacha mtoto wa kubebwa mgongoni, sasa alikuwa mwanamke mzima, aliyechuma maua miaka mingi kwenye shamba moja huko Naivasha, akiishi Kamere karibu na ziwa, mpaka shamba likapunguza watu naye akapunguzwa. Baba yao alikuwa ameshakufa. Cheptanui alisimama mlangoni akisema kwamba hakujua kama atapokelewa. Linah alikwenda kwa jirani kuazima kikombe, kwa sababu nyumba ile ilikuwa na kimoja.

Siku zile ungemwona Linah ukadhani ni mtu mwingine. Alinunua kikombe cha pili, chenye maua. Usiku walisema Kikalenjin mpaka usingizi ukawachukua katikati ya neno. Asubuhi walibeba vifaa pamoja, mmoja mbele mwingine nyuma. Mwaura alipowaona akapiga kelele ili wote wasikie, "Haiya, sasa Linah ana mtu!" Watu wakacheka, ila cheko la safari hii lilikuwa na jicho ndani yake. Linah aliliona hilo jicho. Hata hivyo, ukweli ni kwamba alirudi nyumbani akilirudiarudia neno lile kama mtoto mwenye peremende. Ana mtu.

Beseni la kijani aliliweka nyuma kabisa, kama la mgeni yeyote, na Cheptanui hakulalamika. Likasogea polepole. Baada ya wiki kadhaa likawa la pili. Mbele yake lilibaki la Rahab tu, yule Mama Jeff, aliyekuwa akichelewa kila asubuhi kwa sababu ya kumwogesha na kumlisha mama yake aliyepooza.

Basi jioni moja Linah anasonga ugali, simu ikalia. Alikuwa mama mmoja mwenye hosteli mpya ya wanafunzi, upande wa juu. Alitaka mtu wa kufua. Si kibarua cha siku moja, kazi ya kudumu, mshahara kila mwezi, na chumba cha kulala kwa anayetaka. Angepita ukutani kesho mapema sana, kabla jua halijatoka, amfikishe huyo mtu hosteli kwanza, kisha aelekee Nairobi. Linah akamshukuru, akakata simu. Nyumba ni chumba kimoja, Cheptanui alikuwa amesikia yote.

Alikaa kitandani akisokota kitambaa cha kichwa. Kisha akasema taratibu, "Dada, usiongope. Usiseme lolote. Usimpigie tu Rahab."

Linah akaendelea kusonga.

"Atachelewa kama kawaida yake. Atarukwa, na ni sheria yenu wenyewe. Nani atajua?"

Na kweli, nani angejua? Habari ilikuwa ndani ya sikio moja na chumba kimoja. Cheptanui alieleza mengine pia, kwa sauti ya chini, kwamba akikosa hiyo atalazimika kurudi Kamere kuparua samaki wa watu, na kwamba hapa angebaki karibu, wangekula pamoja kila Jumapili, wangezeeka wakiwa majirani. Linah aliyaona hayo yote, aliyaona waziwazi kuliko aliyekuwa akiyasema. Aliugeuza ugali kwenye sahani, ugali wa watu wawili, ambao siku hizo alikuwa akiupatia bila kubaki. Akachukua simu, akatoka nje.

Nje kulikuwa na jirani anayeanua nguo. Linah alisimama karibu na kamba, simu mkononi, mpaka jirani akamuuliza kama amepoteza kitu. Akasema hapana. Akampigia Rahab, akamwambia kesho awahi, kuna kazi ya kudumu. Rahab alishukuru mpaka akalia. Linah akakata simu.

Alipoingia, Cheptanui alikuwa amekula nusu yake akaacha nusu.

Asubuhi Rahab alikuwa ameshafika wakati gari liliposimama. Alimwacha mama yake na jirani, akaja mbio, viatu havijafungwa. Akapanda, akaenda. Beseni la kijani likawa la kwanza, lakini la kwanza kwa kazi gani tena? Cheptanui alilitazama kidogo, akarudi nyumbani, akatoka na mkoba wake. Linah alimfuata mpaka kwenye kona.

"Baba alikuwa akisema wewe hujui watu wako," Cheptanui akamwambia, wala hakuinua sauti. "Mimi ndiye niliyekuwa nikimbishia. Peke yangu."

Akavuka barabara ileile, akaenda kungoja gari la Naivasha. Beseni hakulibeba.

Ukutani hakuna aliyejua kilichotokea. Walipouliza, Linah akasema mdogo wake amerudi Kamere, na nikuambie kweli, wengine walipumua. Kipkirui alisema afadhali, maana walishaanza kumwangalia Linah mkononi, asije akampendelea. Rahab alipopokea mshahara wa kwanza alimletea ndizi za kuiva, akamshika mabega, akamwambia yeye ni mtu wa haki, na kwamba haki ni rahisi kwake kwa sababu Mungu hakumpa mtu wa kumpendelea. Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Linah akazipokea ndizi. Zilikuwa nyingi kwa mtu mmoja, akagawa.

Simu ya Cheptanui huita mpaka ikatike.

Sasa rudi nami pale tulipoanzia, umtazame tena akipanga vifaa alfajiri. Ukihesabu wanawake waliokaa ukutani utaona beseni limezidi moja. Ni lile la kijani. Linah hulitoa stoo kila asubuhi na kuliweka kwenye foleni. Wengine wanapoenda kazini, nalo linasogea, linasogea, mpaka linafika mbele. Gari linasimama, dereva anauliza hili la nani, Linah anasema mwenyewe hayupo, na wa nyuma yake anaenda. Kisha anainama, analichukua, analipangusa vumbi kwa leso, analirudisha nyuma kabisa lianze upya. Hajavunja sheria yoyote. Watu wa ukutani wanamwona, na hawasemi kitu, hata Mwaura na mdomo wake.

Juzi Sue, mmoja wa wasichana wa kufua, alikaribia kumuuliza, akasita, akaangalia pembeni. Lakini wewe si wa pale, na hakuna jicho litakalokutazama. Ukipita Free Area asubuhi moja ukalikuta beseni la kijani liko mbele tena, na Linah anainama kulichukua, utamwambia alipeleke nyumbani, au utashika upande mmoja umsaidie kulirudisha nyuma?