Ndege Iliyokalia Mkia

Nakiri mwenyewe kabla mji mzima wa Beni haujawasimulia. Kazi yangu ni kupanga mizigo ndani ya ndege ndogo, uzito usielemee upande mmoja. Patron wangu, bosi mwenye ndege hizo, aliponipa ndege ya plastiki ya kuunganisha, ipambe meza ya tikiti, nilijigamba sana. Wiki tatu nilibandika vipande kwa gundi. Karatasi ya maelekezo ilisema nitie kipande cha chuma puani. Nikakiruka: ndege tupu, uzito wa nini?

Jumatatu niliiweka mezani mbele ya abiria. Ikainua pua, ikakalia mkia.

Patron akaniuliza, "Ni weye njo unapangaka mizigo yetu?"

Mama mmoja wa Butembo akamrudishia tikiti. "Papa, miye nitapanda tu gari."