Panya weupe wa maabara

Daktari aliyeniajiri katika maabara ya hospitali alipoondoka Zaire, aliniachia panya weupe sita, wale wa kupimia magonjwa. "Sitwayeni, watunze wazae mpaka nirudi," aliniambia; wakati ule wote tuliitwa sitwayeni, yaani raia. Nami mujinga nikaitika.

Chakula chao kilikuwa kinakuja na treni. Siku moja kikaacha kuja. Nikawabeba mpaka nyumbani, Mikelenge, nikawa ninawapunguzia wali kwenye chungu cha watoto wangu. Muke wangu alikuwa anasema, "Panya wa wenzetu wanaiba muchele. Wa kwetu wanaandaliwa." Nilimukaripia: kazi yangu njo hiyo, daktari akirudi atanikuta nayo.

Panya wakazaa, wakazaa tena, masanduku yakawa manne. Wali ukapungua chunguni. Daktari kimya.

Asubuhi moja nilifunua sanduku, nikakuta jike anakula watoto wake. Wa mwisho alikuwa amemushika kwa mikono miwili, kama mutu anavyoshika hindi. Nikapiga kelele. Muke wangu akaja, akaangalia, wala hakushituka.

"Huyu amewamaliza watoto wake asubuhi moja, baba ya watoto," alisema. "Wa kwetu, wewe unawala polepole."