Geti la Msitu wa Babu

Wenzangu hapa Doha wakisikia kwamba bosi aliwahi kunipeleka Uingereza, huniuliza kama nilipiga picha kwenye ile saa kubwa ya mjini. Saa sikuiona. Niliona damu, tena nyingi, katika kimsitu ambacho ukibandika chai ukaenda kukizunguka, utarudi haijachemka.

Nafanya kazi Al Wukair kwa familia ya Kiingereza. Napika, na namlea binti yao wa miaka minane. Mimi mwenyewe ni mtu wa Tanga. Desemba ile mama wa mtoto alibanwa na kazi, basi bosi akatuchukua mimi na mtoto tukakae likizo kwa baba yake, mzee wa miaka themanini na kitu aliyeishi peke yake kijijini na mbwa mmoja wa kahawia. Mtoto alimwita babu kwa lugha yao, mimi nikamwita babu kwa yangu. Neno lilimpendeza, akawa analirudia mwenyewe huku akivaa viatu.

Nyuma ya nyumba palikuwa na ua, mwisho wa ua geti la mbao, na ng'ambo ya geti ndio msitu wake. Ng'ambo ya msitu yalikuwa malisho ya jirani, na humo kondoo majike, wote wana mimba, na mbwa hakutakiwa kuwafikia. Kwa hiyo sheria ya kwanza niliyopewa, hata kabla ya kuonyeshwa choo, ilikuwa ya geti. Ukipita, funga, na usiondoke mpaka usikie kitasa kimegonga. Babu alinifanyisha mazoezi mara tatu kwenye baridi, mtoto akinicheka.

Nilidhani msitu wa Wazungu ni mahali pa kutembea na kusikiliza ndege. Kila asubuhi babu alikagua mitego ya kindi wa kijivu. Aliyemkuta hai alimtia kwenye gunia, akapapasa kichwa kwa nje, akapiga rungu moja tu. Kindi hao, alinieleza, humenya magome ya miti michanga mpaka inakufa imesimama. Miti yenyewe nayo hakuihurumia. Ile midogo inayozaa kokwa za kuliwa aliikata mpaka shinani, sehemu moja kila mwaka, ili ichipue fito zilizonyooka, na baba yake alifanya hivyohivyo kabla yake. Jumamosi wanakijiji walikuja na bunduki kuwinda ndege wakubwa wenye mikia mirefu, wanaowaita fezanti. Ndege walianguka kupitia matawi, wengine bado wanatapatapa, na babu aliwanyonga shingo akanikabidhi wakiwa na joto lao. Nikamwambia sipiki kisichochinjwa. Akasema sawa, akapika mwenyewe, tena vibaya.

Nilimpenda mzee yule. Mkono uliopiga rungu ndio uliommenyea mjukuu yai.

Bosi alitaka babu ahamie nyumba ya kutunzia wazee, na msitu uuzwe. Alisema baba yake amekuwa msahaulifu. Kweli, babu alikuwa akisahau sufuria motoni, na miwani yake niliikuta kwenye friji. Lakini mambo ya msitu hakuyasahau. Angekusimamisha mbele ya kisiki chochote akakwambia alikikata mwaka gani na mvua ilinyeshaje. Waligombana juu ya hilo kila mlo. Siku moja bosi alimhesabia makosa kwa vidole, na babu akalitupa bakuli la supu ukutani, vigae vikamrukia mtoto nyweleni. Bosi akasema kwa sauti ya chini kwamba limebaki kosa moja. Likitokea moja kubwa, la hatari, babu anaondoka na hakuna mjadala. Babu akakubali. Alikuwa na uhakika na nafsi yake.

Siku yenyewe nilikuwa nimeshatia udhu wa adhuhuri. Mbwa akaja mbio kutoka kwenye bwawa dogo la uani, ameloa chapachapa, akanirukia na kunilamba mikono yote miwili mpaka viwikoni. Sisi tulivyofundishwa chuoni, mate ya mbwa huoshwa mara saba, na moja kati ya hizo kwa udongo. Doha jambo hilo halijawahi kunifika. Ua mzima ulikuwa umekanyagwa na mbwa huyohuyo, nami nilitaka udongo safi, basi nikapita getini nikaingia msituni. Nikachimbua kwa vidole chini ya miti ya kokwa. Ulikuwa mweusi, wa baridi, unanuka majani yaliyooza. Nilirudi viganja vimejaa, nikalisukuma geti kwa nyonga.

Sikusikia kitasa kikigonga. Sikugeuka pia. Siku za huko wakati wa baridi ni fupi, adhuhuri na alasiri zinakaribia kugusana, na mimi nilikuwa naikimbilia sala yangu.

Nilikuwa katika rakaa ya mwisho bunduki ilipolia. Ikalia tena, halafu nikamsikia mtoto. Nilikimbia bila viatu nikaukatiza msitu wote. Malishoni kondoo mmoja alikuwa amelala koo limechanwa, wa pili anajaribu kusimama na tumbo limefunguka, na pembeni mwa mwingine aliyekuwa akihema palikuwa na kitu kidogo chekundu ambacho hakijafikia kuwa mwanakondoo. Mbwa alilala kwa ubavu. Shingo upande mmoja haikuwepo, na mguu wa nyuma ulikuwa bado unapiga mateke. Mtoto, aliyekuwa amemfuata mbwa, alisimama hatua tatu tu kutoka hapo na madoa kwenye koti. Jirani, mwenye kondoo, alikuwa na bunduki mkononi. Alisema aliita na kuita, na sheria inamruhusu. Kisha akamgeukia yule kondoo aliyefunguka tumbo akammaliza mbele yetu, maana hapakuwa na jingine la kufanya.

Tuliporudi uani, bosi alimshika baba yake ukosi wa koti akamgandamiza ukutani. Alimpigia kelele kwamba ameacha geti wazi, kwamba risasi ingeweza kumpata mtoto. Babu akamchapa fimbo ya uso, nyusi ikapasuka. Bosi akamsukuma. Mzee alianguka kifudifudi kwenye mawe, na alipokaa alitema jino mkononi mwake akalitazama.

"Nilifunga," akasema. Asubuhi alikuwa ametoka kwenda kwenye mitego. Nilimwona akiirudia njia yote kichwani, hatua kwa hatua, na nikaona mahali alipopotea. "Nadhani nilifunga." Akamtazama mtoto. "Nisamehe, mjukuu wangu. Nimesahau geti."

Udongo ulikuwa bado umo kwenye kucha zangu. Nilifungua mdomo, na nikaufunga. Ningeweza kusema niliwaza mama yangu na wanangu wawili Tanga wanaokula kwa jasho langu, na niliwaza kweli, lakini baadaye. Pale uani niliogopa tu. Niliogopa yule mtu mwenye damu usoni asinigeukie mimi.

Kabla ya wiki kwisha gari lilikuja kumchukua babu. Aliushika mwimo wa mlango, na bosi alimbandua vidole kimoja kimoja. Mimi nilibeba sanduku.

Tukarudi Doha. Siri hiyo nilimwambia mtu mmoja tu, mlinzi wa nyumba zetu, Mkenya, mtu wa utani lakini siku hiyo hakutania.

"Zii, dada, hapana. Hiyo story kaa nayo," aliniambia. "Ukiongea tu, kesho uko airport."

Nikakaa nayo mwaka na zaidi. Mtoto aliacha kumtaja babu yake. Nikimwogesha aliniuliza kama mtu anaweza kumchukia mtu na kumpenda, nami nilimwambia afumbe macho sabuni isimwingie.

Kisha siku moja bosi alikuja mezani na furaha, msitu umepata mnunuzi. Atauangusha wote, aweke farasi. Mtoto aliondoka mezani bila kuaga. Mimi nilikuwa nakata mkate, na maneno yakanitoka yenyewe. Nilimwambia geti niliacha wazi mimi, si babu.

Aliendelea kumenya chungwa lake. "Najua," akasema. "Nilikuwa dirishani juu. Nilikuona ukirudi na udongo mikononi, nikajiuliza unataka kupanda nini."

Nikamuuliza kwa nini hakushuka kulifunga. Akasema alidhani ningerudi. Halafu, bila kunitazama, akasema baba yake ilikuwa lazima aondoke kwa njia yoyote, na kwamba mimi nilinyamaza naye akanyamaza, basi yaishe. Kisu cha mkate kilikuwa mkononi mwangu, na niliitazama shingo yake. Sisemi hivi kupamba hadithi. Nilitaka. Nilikiweka juu ya ubao nikaenda chumbani kwangu, nikapiga simu nyumba ya wazee aliko babu; namba niliikosea mara mbili.

Muuguzi alinipa babu. Nilimweleza mimi ni nani, kisha nikamweleza yote: mate ya mbwa, udongo, nyonga yangu, kitasa.

"Kwa hiyo mimi nililifunga?"

"Ulilifunga, babu."

Alilia mpaka muuguzi akachukua simu. Usiku ule nililala kama sijalala mwaka mzima.

Bosi hakunifukuza. Kunifukuza kungemlazimu aeleze kwa nini. Ijumaa iliyofuata, siku yangu ya mapumziko, nilimpigia babu kumjulia hali, na kabla sijamaliza salamu alianza kuniomba radhi. Aliniomba nimwambie mtoto amsamehe, kwa sababu alisahau geti na mbwa akauawa.

Muuguzi alinieleza. Sasa kusahau kwenyewe kumekuja kweli. Jina la mwanawe limekwenda, msitu umekwenda na visiki vyake na miaka yake. Kilichobaki ni kosa lile ambalo si lake.

Basi kila Ijumaa nampigia na kumwambia upya kwamba mbwa wake nilimuua mimi, na kila Ijumaa analisikia kwa mara ya kwanza. Kuna siku hulia. Kuna siku huitupa simu, nikasikia ikigonga ukuta. Ijumaa iliyopita alinitukana mpaka pumzi ikamwishia, matusi ambayo mengine sikuyajua. Nilimwacha amalize. Halafu akauliza tena geti aliliacha wazi nani, nami nikaanza mwanzo, polepole, na kumwambia yeye alilifunga.